Mirathi ya marehemu mahakamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sheria za mirathi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wakati mwingine kati ya dini na dini ndani ya nchi moja. Hata hivyo safari yenyewe inafanana kuliko watu wanavyodhani: mtu anateuliwa, mali inakusanywa, madeni yanalipwa, kinachobaki kinagawanywa, hesabu inarudishwa. Majibu haya yanafuata safari hiyo. Pale sheria ya nchi fulani inapoonyesha jambo waziwazi, imetajwa kwa jina. Kwa fomu na ada za mahali ulipo, muulize karani wa mahakama inayohusika. Ndiyo kazi yake, na kumuuliza ni bure.

Familia imeshakubaliana. Kwa nini tuende mahakamani?

Kwa sababu makubaliano yenu hayamfungi mtu aliye nje ya familia. Akaunti ya benki iko kwa jina la mtu ambaye hawezi tena kutia saini. Hati ya kiwanja vivyo hivyo. Benki ikimlipa mtu asiye sahihi, inaweza kulazimika kulipa mara ya pili, kwa hiyo haitasikiliza kwamba ninyi nyote mmekaa na kuelewana. Inataka karatasi yenye mhuri wa mahakama, yaani hati ya usimamizi, inayomtaja mtu mmoja au wawili wenye mamlaka ya kushika mali hiyo.

Watu wengi huogopa kwamba hakimu atakuja kuwagawia mali yao. Mirathi isiyo na ugomvi haiendi hivyo. Mahakama inateua msimamizi, inampa muda, kisha inamdai hesabu. Makubaliano yenu hayajapotea bure: maombi yanayokuja na saini za warithi wote huenda haraka, na yale yanayokuja na saini za nusu yao huanza kwa maswali.

Je, kila alichoacha marehemu kinaingia kwenye mirathi?

Hapana. Nyumba au akaunti iliyomilikiwa kwa pamoja, kwa utaratibu kwamba anayebaki anachukua yote, humwendea aliyebaki moja kwa moja. Lakini soma hati kwanza, kwa sababu majina mawili kwenye hati hayamaanishi hivyo kila mara. Kuna umiliki wa pamoja ambao kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi kama mali nyingine.

Bima ya maisha na mafao ya pensheni yenye jina la mpokeaji mara nyingi hulipwa nje ya mirathi. Hapo napo kuna mtego. Nchini India, kwa mfano, aliyeandikwa kupokea fedha za benki ni mpokeaji tu. Fedha zenyewe ni za warithi, na wanaweza kumdai.

Nchi nyingi pia zina njia fupi kwa mirathi midogo. Jimbo la California huko Marekani huruhusu mali isiyozidi kiwango kilichowekwa kudaiwa kwa kiapo cha maandishi, bila kesi kamili. Na Ufaransa mirathi ya kawaida haipiti mahakamani kabisa. Inashughulikiwa na mthibitishaji wa nyaraka aliyeidhinishwa na serikali. Kwa hiyo kabla hujamlipa wakili, uliza kama mali mliyonayo inahitaji mlolongo mzima.

Tunaweza kugawana vitu vidogo tukiwa tunasubiri?

Msiguse. Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili, mbali na kutakiwa kurudisha ulichochukua. Kwingineko adhabu ni tofauti lakini wazo ni lilelile.

Hakuna atakayekushtaki kwa kuondoa chakula kinachoharibika jikoni au kufunga nyumba kwa kufuli jipya. Kutunza mali si kuigawa. Kinachozua kesi ni gari "kuazimwa" siku ya tatu ya msiba, simu ya marehemu kubaki kwa mtu anayejua namba ya siri, na kodi ya wapangaji kuanza kukusanywa na anayeishi karibu. Mambo hayo matatu huvunja undugu kuliko mgao wenyewe. Kama kuna wapangaji, waambiwe kwa maandishi waweke kodi mahali pamoja hadi msimamizi apatikane, na fedha isitumike.

Nani anaweza kuwa msimamizi wa mirathi?

Kama kuna wosia na umemtaja mtu wa kuutekeleza, mahakama huanza naye. Kama hakuna, sheria nyingi huwa na foleni: mwenzi wa ndoa mbele, kisha watoto, wazazi, ndugu. Kenya, baada ya mwenzi na warithi wengine, foleni inafika kwa Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali inayosimamia mirathi, na mwisho kabisa kwa wadai wenyewe. Ndiyo, mtu anayemdai marehemu anaweza kuomba usimamizi, warithi wote wakikaa kimya.

Wasimamizi wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Kenya na Uingereza hawazidi 4. Wawili wanatosha kwa familia nyingi. Wakiwa wengi, kila hundi inasubiri saini ya mtu aliye safarini.

Aliyetajwa kwenye wosia si mfungwa wa wosia huo. Anaweza kukataa, mradi akatae kabla hajaanza kushika mali. Akishauza gari na kulipa deni moja, kujitoa kunakuwa kugumu.

Ushauri wetu, ambao sheria haiusemi: msimchague kwa umri wala kwa sauti. Mchagueni yule anayetunza risiti.

Msimamizi ndiye mrithi mkuu?

Si lazima awe mrithi hata kidogo. Msimamizi anashika mali ya watu wengine kwa muda. Jina lake likiandikwa kwenye hati ya nyumba kama msimamizi, nyumba haijawa yake. Anarudishiwa gharama halali, na katika baadhi ya nchi analipwa ujira uliowekwa na wosia au mahakama. Akinunua mali ya marehemu kwa bei yake mwenyewe, mauzo hayo yanaweza kufutwa. Mwenye fungu ambalo hajapewa anaweza kumshtaki msimamizi yeye binafsi, na mali ya msimamizi mwenyewe ikaguswa.

Tumekuta wosia. Tutajuaje kama ni halali?

Kwanza usiuchane, usiutoboe, na usitoe pini inayoshika kurasa. Hili linaonekana dogo hadi msajili wa mahakama aone matundu mawili ya pini pasipo na pini. Ataanza kuuliza ni ukurasa gani ulikuwepo na nani aliuondoa, na itabidi mtu aape kueleza. Piga picha kila ukurasa, weka nakala asili kwenye bahasha, uiache ilivyo.

Kisha angalia sheria inataka nini. Uingereza bado inafuata Sheria ya Wosia ya mwaka 1837: mwenye wosia atie saini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja, nao watie saini. Shahidi aliyeachiwa kitu, au ambaye mwenzi wake ameachiwa, wosia unabaki halali lakini zawadi yake inapotea. Kenya nayo inataka mashahidi wawili kwa wosia wa maandishi. Wosia wa mdomo unakubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili, na mwenyewe akafariki ndani ya miezi 3 tangu alipotamka. Ufaransa inakubali wosia usio na shahidi hata mmoja, ikiwa tu umeandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, una tarehe na saini.

Wosia usiopendeza kwa macho hauwi batili kwa sababu hiyo. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, na kwanza ikadhaniwa hakuacha wosia. Baadaye zikapatikana nyaraka za mkono nyumbani kwake: moja ya mwaka 2010 ndani ya kabati lililofungwa, nyingine ya mwaka 2014 ndani ya daftari, kwenye kochi, chini ya mito. Mwaka 2023 baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi huko Michigan, Marekani, liliamua kwamba ile ya kwenye kochi ni wosia halali. Familia ilikuwa imegawanyika kwa miaka.

Je, mtu anaweza kuandika wosia na kumnyima mtoto wake kila kitu?

Inategemea yuko chini ya sheria ipi. Ufaransa hawezi. Watoto wana fungu lililohifadhiwa: mtoto mmoja ana nusu ya mirathi, wawili wana theluthi mbili, watatu au zaidi wana robo tatu. Marehemu ana uhuru juu ya kilichobaki tu. Katika sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwendei mrithi mwenye fungu lake tayari isipokuwa warithi wengine waridhie.

Uingereza na Kenya mwandishi wa wosia ana uhuru mpana zaidi, lakini mtegemezi aliyeachwa bila matunzo ya kutosha anaweza kwenda mahakamani kuomba atengewe. Uingereza ana miezi 6 tangu hati ya usimamizi itolewe. Anayesubiri hadi mali igawanywe ndipo alalamike huwa amechelewa.

Maombi yanakwendaje, hatua kwa hatua?

Cheti cha kifo kwanza. Bila hicho hakuna dirisha litakalokupokea, na ni vizuri kuchukua nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana benki, bima, mfuko wa pensheni na msajili wa ardhi kila mmoja atataka yake. Kisha wosia kama upo, orodha ya warithi wote na uhusiano wao na marehemu, orodha ya mali na makadirio ya thamani yake, na madeni yanayojulikana. Mwombaji anaapa kwamba aliyoandika ni kweli. Mahali pengi anatakiwa pia dhamana au wadhamini watakaobanwa akitokomea na mali.

Kwenye orodha ya warithi ndipo maombi mengi hufia. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anaachwa, au mke wa kwanza aliyetengana na marehemu bila talaka, au ndugu aliyehamia mbali ambaye "hana shida na mali". Mwandike kila mtu. Mrithi aliyeandikwa na kukataa fungu lake kwa maandishi hana madhara; aliyefichwa anaweza kurudi baada ya miaka na kuomba uteuzi mzima ufutwe, na mahakama ikamkubalia.

Baada ya kuwasilisha maombi, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kenya tangazo huwekwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30. Pingamizi lisipokuja, hati ya usimamizi inatolewa. Lakini Kenya hati hiyo ya kwanza hairuhusu kugawa. Msimamizi hurudi, kwa kawaida baada ya miezi 6, kuomba ithibitishwe pamoja na mgao unaopendekezwa. Tanzania Bara, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4. Aliyeteuliwa na Mahakama Kuu ana miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Muda ukikaribia na kazi haijaisha, omba nyongeza kabla haujapita.

Nimepata hati. Naanzia wapi?

Fungua akaunti ya mirathi, iliyo peke yake. Kila senti ya marehemu iingie humo na kila malipo yatoke humo. Usipitishe fedha kwenye akaunti yako hata kwa usiku mmoja, hata kama unairudisha asubuhi, kwa sababu siku ya hesabu utatakiwa kueleza ule usiku.

Halafu zunguka. Tembelea kila benki ambayo marehemu aliwahi kuitaja, mwajiri wake, chama cha akiba na mikopo, kampuni za bima, masijala ya ardhi, msajili wa makampuni kama alikuwa na hisa. Fungua droo. Karatasi ya ada ya bima ya miaka mingi iliyopita inaweza kuwa na thamani kuliko vyote vilivyomo chumbani. Nyumba ikibaki tupu, iambie kampuni ya bima, maana bima nyingi hupungua nguvu nyumba isipokaliwa.

Madeni ya marehemu ni ya nani?

Ni ya mali aliyoacha, na yanalipwa kabla ya mrithi yeyote. Gharama za mazishi zilizo za kiasi na gharama za usimamizi hutangulia. Deni lenye rehani linalipwa kutokana na kile kilichowekwa rehani. Wadai wa kawaida wanafuata.

Tuchukue mfano wenye namba nyepesi. Marehemu ameacha nyumba ya thamani ya 60, yenye mkopo wa benki wa 40, na akiba ya 20. Wadai wa kawaida wanadai jumla ya 60. Mazishi na gharama za mahakama ni 10. Nyumba inauzwa 60, benki inachukua 40 yake, zinabaki 20. Ukijumlisha na akiba unapata 40. Toa 10, zimebaki 30. Wadai wa kawaida wanaodai 60 wanagawana hizo 30, yaani kila mmoja anapata nusu ya anachodai. Warithi hawapati kitu. Lakini pia hawadaiwi kitu, na mdai anayempigia mjane simu akimwambia ile nusu iliyobaki ni yake, anabahatisha tu.

Isipokuwa, bila shaka, kama mjane alitia saini mkopo huo pamoja na marehemu au alimdhamini. Hapo ni deni lake mwenyewe. Na Ufaransa mrithi aliyepokea mirathi bila masharti amepokea na madeni, hata yakizidi mali; ndiyo sababu sheria yao inamruhusu kuikataa, au kuipokea kwa kiwango cha mali iliyopo tu.

Msimamizi anayegawa mapema, kisha mdai akatokea, anaweza kulipa kutoka mfukoni mwake. Uingereza wasimamizi hujikinga kwa kutoa tangazo kwa wadai na kusubiri angalau miezi 2. Huko pia kuna kodi ya mirathi: 40% ya thamani inayozidi pauni 325,000, pamoja na misamaha kadhaa, ikiwemo ya mali inayomwendea mwenzi wa ndoa. Inadaiwa ifikapo mwisho wa mwezi wa 6 baada ya kifo, mara nyingi kabla hati haijatoka, na hivyo familia hujikuta ikitafuta fedha za kulipia kodi ya fedha ambayo bado haijaishika.

Hakuna wosia. Nani anapata nini?

Sheria inamwandikia marehemu wosia ambao hakuuandika. Kila sheria ina mkono wake.

Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yametajwa kwenye Surat An-Nisaa. Mume akifa na kuacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mke anapata thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mali ikikatwa vipande 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17. Fundi wa faraidhi, yaani elimu ya mafungu haya, hukokotoa hivyo kwa kichwa, lakini ombeni awaandikie.

Sheria ya Kenya kwa wasio chini ya sheria ya Kiislamu humpa mwenzi aliyebaki haki ya kuitumia mali maishani mwake, na watoto hugawana sawa bila kujali jinsia. Mwenye wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, mke aliyebaki akihesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Tanzania Bara swali la kwanza ni sheria ipi itumike, ya kimila, ya Kiislamu au ya kiserikali, na jibu hutafutwa katika namna marehemu alivyoishi.

Asipopatikana ndugu yeyote wa kurithi, mali huishia serikalini.

Mtu ametoweka miaka mingi. Tunaweza kufungua mirathi?

Si bila kwanza kuthibitisha kifo kisheria. Kenya na Uingereza, asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki. Palipo na ushahidi wa nguvu, kama ajali ya meli, mahakama inaweza kuamua mapema zaidi.

Marehemu alikuwa na mali nchi mbili.

Kwa kawaida ardhi na majengo hufuata sheria ya mahali yalipo, na fedha hufuata makazi ya marehemu. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola hutambua hati za wenzao kwa kuzipiga mhuri upya, bila kuanza kesi kutoka mwanzo. Ndani ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark na Ireland, mirathi ya waliofariki kuanzia tarehe 17 Agosti 2015 hufuata sheria ya nchi aliyokuwa akiishi marehemu, ila kama alichagua kwa maandishi sheria ya uraia wake.

Yote haya yanachukua muda gani?

Mirathi yenye nyumba moja, akaunti moja na warithi wanaosalimiana inaweza kumalizika ndani ya mwaka. Mwanamuziki Prince alifariki Aprili 2016 bila wosia, na mirathi yake ilichukua takriban miaka 6. Si utajiri peke yake unaochelewesha. Hati ya kiwanja ambayo bado ina jina la babu aliyefariki zamani inaweza kula muda kama huo, kwa sababu inabidi mirathi ya babu ifunguliwe kwanza.

Mrithi ni mtoto mdogo. Fungu lake linakwenda wapi?

Halikabidhiwi kwake, na halimezwi na fungu la mzazi aliyebaki. Linashikwa na mdhamini, au na wasimamizi wenyewe, hadi afikie utu uzima. Linaweza kutumika kwa karo na matibabu yake, kwa risiti. Kenya, palipo na fungu la mtoto la kushikiliwa, sheria inataka kwa kawaida wasimamizi wasiopungua wawili.

Mirathi imeshafungwa, sasa tumegundua akaunti nyingine.

Hutokea. Rudini mahakama ileile kwa namba ya jalada lilelile, muombe mali hiyo iongezwe au msimamizi aruhusiwe kuendelea. Kama msimamizi amefariki, atateuliwa mwingine kwa ajili ya mali iliyobaki. Anayeijua akaunti hiyo awaambie warithi wote siku hiyohiyo, kwa maandishi, kabla hajaenda benki.